Jiko la Wageni

Shemeji yangu amejengewa uwezo mpaka umemtoka puani. Vyeti vyake vimejaa mfuko wa plastiki unaoning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, na upepo ukivuma mfuko ule hugonga mlango kama mtu anayetaka kufunguliwa. Kuna cheti cha majiko banifu, cha mabadiliko ya tabianchi, cha ujasiriamali, na kimoja cha uongozi shirikishi ambacho mpaka leo hakuna anayejua alimwongoza nani. Jina lake limekosewa karibu kwenye vyote. Kitu kimoja tu ndicho alichokuwa nacho kabla ya vyeti na sasa hana, nacho ni tanuri. Nitaeleza lilivyoondoka, na mtu asiniambie nipunguze sauti.

Mimi ni fundi baiskeli. Banda langu na banda lake yanatazamana nyuma ya soko, katikati yake ni njia ya kupita mkokoteni mmoja. Yeye ni mke wa marehemu kaka yangu, kwa hiyo utani kati yetu ni halali. Ananiita Spoku kwa sababu ya wembamba wangu. Mimi namwita shemeji tu, maana kila jina la utani nililowahi kumpa alinirudishia na riba.

Aliolewa kwetu akiwa hajui kufinyanga hata kijungu cha kuchezea. Mama yangu ndiye aliyemfundisha, na mama hakuwa mtu wa kusifu. Alimpeleka kwenye lundo la udongo akamwambia kanyaga. Akakanyaga. Alipouliza akanyage mpaka lini, mama akamjibu, "Mpaka udongo uache kukujibu." Shemeji anasema alikanyaga huku akimlaani mkwewe kimoyomoyo, hadi asubuhi moja akaweka mguu na udongo ukanyamaza, laini, bila chembe ya mchanga kumchoma kisigino. Hakuna aliyempigia makofi. Mama alimsogezea maji ya kunawa miguu, basi.

Majiko yao yalikuwa ya kawaida, nje bati, ndani udongo uliochomwa. Kaka alikata bati na kulikunja. Shemeji alifinyanga kile chungu cha ndani kinachobeba moto, akichanganya udongo na magae yaliyosagwa ili usipasuke. Kabla ya kuuza alikigonga kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Kikilia vizuri kinakwenda sokoni, kikitoa sauti ya kikohozi kinabaki nyumbani. Ndiyo maana yeye mwenyewe amepikia jiko lenye ufa maisha yake yote. Mfinyanzi hulia gaeni, na shemeji hakuwahi kuona ubaya katika hilo.

Kaka alipofariki mimi ndiye nikaanza kukata mabati, katikati ya tyubu na cheni. Nakata vibaya. Jiko la kwanza nililolikunja liliegemea upande mmoja, na shemeji aliliweka mbele ya banda watu walione, akisema limelewa, lipewe maji ya ndimu.

Tanuri lenyewe lilijengwa na mama kwa mikono yake, nyuma ya banda la shemeji, kwenye uwanja wa soko. Lilikuwa fupi, pana, jeusi nje, na ndani matofali yake yalikuwa yameungua mpaka yakang'aa. Mama alikuwa akisema tanuri jipya hula vyombo, huvipasua motoni, la zamani limeshashiba. Hilo letu lilikuwa limeshiba zamani. Shemeji alikuwa akilipangia vyungu asubuhi, akiwasha, na alijua kwa rangi ya mdomo wa tanuri lini aache kuchochea. Majiko yaliyotoka mle ndani yalipikia mtaa mzima, na mitaa ya jirani.

Basi ukaja mradi.

Aliyeuleta kwetu alikuwa mwezeshaji, mwanamume wa shati lililonyooka, ambaye kila sentensi yake ilikuwa na neno fursa. Kabla hata ya chai ya saa nne tulikuwa tumeshampa jina, Bwana Fursa. Alitukusanya kwenye ukumbi wa shule, akaeleza. Huko mbali kuna viwanda vinavyotoa moshi, na wenyewe hawawezi kuuacha. Kwa hiyo wanatafuta mahali ambapo watu wengine watapunguza moshi wao. Moshi uliopungua unahesabiwa, hesabu inauzwa, na mwenye kiwanda anaendelea kufukiza huku roho yake ikiwa safi. Hiyo ndiyo biashara ya hewa ukaa. Sisi kazi yetu ni kupikia jiko jipya linalokula kuni chache.

Nikanyoosha mkono, maana na mimi nilialikwa kama mdau wa mabati.

"Kwa hiyo kati ya moshi wa kiwanda na moshi wa maharage ya Mama Pacha, unaotakiwa kupungua ni wa Mama Pacha?"

Ukumbi ukacheka. Mama Pacha, jirani yetu anayeuza chai na maharage pale sokoni, ndiye aliyecheka zaidi. Bwana Fursa naye akacheka, akasema hilo ni swali zuri sana, akaliandika kwenye karatasi kubwa ya ukutani chini ya maneno "Tutarudi hapa". Mpaka leo hatujarudi hapo. Kunya anye kuku, akinya bata kaharisha.

Baadaye Mama Pacha, aliyefunga biashara yake ili ahudhurie, akauliza kwa sauti ya chini kama kuna posho. Bwana Fursa akakunja uso.

"Akina mama, tusipende posho. Tupende maarifa. Mtu anayekuja kwa ajili ya posho hajengeki."

Mama Pacha akatazama vidole vya miguu yake. Mwanamke aliyelea mapacha peke yake kwa sufuria ya maharage, akaaibishwa mbele za watu na mtu aliyeletwa kwa gari la mradi, analala hotelini kwa hela ya mradi. Nilitaka kusimama. Shemeji alinivuta shati nikaketi.

Siku ya mwisho wakamfundisha shemeji yangu jiko ni nini. Sitanii. Wakamgawia kalamu na karatasi ya njano, wakamwambia achore jiko. Akachora. Wakamwambia amweleze jirani yake faida zake. Akamweleza, jirani akaitikia kwa kichwa, na jirani mwenyewe alikuwa akipikia jiko la shemeji tangu akiwa mwali. Kisha shemeji akauliza swali la mtu wa kazi.

"Sasa mnataka niwafinyangie mangapi?"

"Hapana, mama," Bwana Fursa akasema. "Majiko yanakuja. Yameshapimwa maabara."

"Na mimi mnanijengea uwezo wa nini?"

"Wa kuyapokea."

Yakaja kwenye lori, yakagawiwa bure. Yalikuwa marefu, ya chuma kinachong'aa, na mdomo mwembamba kiasi kwamba kuni lazima zipasuliwe ziwe kama vidole. Sufuria ndogo ilikaa juu yake bila shida. Sufuria ya familia ilitikisika, na ya maharage ya biashara iliogopwa na kila mtu baada ya ile ya Mama Pacha kupinduka na kukosa mguu wa mteja kidogo tu. Lakini cha bure ni cha bure. Wateja wa shemeji waliacha kuja. Alikaa bandani kwake akifinyanga vyungu vya majiko ambavyo hakuna aliyeviulizia, akinitania kwamba sasa amepata nafasi ya kunifundisha kukata bati.

Baada ya muda wakaanza kurudi, mmoja mmoja, kwa mlango wa nyuma. Mpishi hadanganywi na kung'aa. Wakanunua jiko la udongo, wakalifunika kwa kanga au gunia, wakaenda nalo nyumbani. Lile la chuma hawakulitupa. Nani anatupa zawadi? Walilifuta, wakaliweka sebuleni. Mama Pacha aliweka kitambaa cha kufuma juu ya lake, na juu ya kitambaa chombo cha maua ya plastiki. Likaitwa jiko la wageni, kama tunavyosema vikombe vya wageni na shuka la wageni.

Kila baada ya miezi mradi ulituma watu wake wapite nyumba kwa nyumba kuuliza maswali. Habari za kuja kwao zilitangulia. Mtaa mzima maua yaliteremshwa, vitambaa vikakunjwa, majiko ya wageni yakatolewa uani na kuwashwa, yakabandikwa sufuria ndogo ya maji. Majiko ya shemeji yakatiwa gunia nyuma ya choo.

"Jiko letu mnalionaje, mama?"

"Zuri sana, mwanangu. Karibu chai."

"Lile la zamani bado mnalitumia?"

"Aa, lile tuliliacha zamani. Kunywa chai, imepoa."

Hata shemeji. Nilimsikia kwa masikio yangu nikiwa nimeshika pampu. Msichana wa mradi alimuuliza kama majiko ya chuma ni bora, na shemeji, mwenye udongo mpaka kwenye viwiko, akasema ni bora, mwanangu, Mungu awabariki. Nikavuka njia.

"Shemeji, una akili timamu?"

"Mtoto wa watu ametembea juani tangu asubuhi, Spoku. Nimwambie zawadi yao mbovu?"

"Mwambie!"

"Wewe ulivyokuja na lile jiko lililolewa, nilikwambia bovu?"

"Uliuambia mtaa mzima!"

"Wewe si mgeni," akasema, akarudi kwenye udongo wake.

Ndivyo tulivyo. Mgeni akikuletea embe bovu unalila upande mzima na kusema ni tamu. Nimelelewa hivyo na nimewalea wanangu hivyo. Lakini hebu tazama kilichotokea. Kuni kweli zilipungua mtaani kwetu, kwa sababu jiko la shemeji ni bora kuliko mafiga ya zamani na lilikuwa limeanza kazi hiyo kabla Bwana Fursa hajajua kufunga vifungo. Upungufu huo ukahesabiwa, ukaandikwa kwa jina la vyuma vilivyobeba maua ya plastiki, ukauzwa huko ulikouzwa. Jasho la shemeji yangu lilinunuliwa na mtu asiyejua kama yupo. Nikifikiria hilo siwezi hata kuziba pancha.

Na mradi ukafaulu. Ukafaulu kiasi kwamba wakubwa waliamua kujenga kituo kabisa, jengo la matofali na vyoo vya ndani, la kuwajengea uwezo mafundi majiko kutoka kila upande. Kamati ya soko iliombwa kiwanja. Takwimu za mradi zilionyesha kwamba hakuna nyumba hata moja inayotumia jiko la udongo, maana yake kazi hiyo imekufa, na tanuri lililo nyuma ya soko halina kazi. Kiwanja kikapatikana palepale.

Bwana Fursa alikuja mwenyewe kumweleza shemeji. Alisimama kwenye kivuli cha tanuri la mama yangu, tena akaliegemea.

"Mama, wewe ndiye utakuwa mwanafunzi wetu wa kwanza. Fikiria hiyo fursa."

Shemeji akamtazama, kisha akatazama tanuri. "Na hili?"

"Litapisha jengo. Kila kitu na wakati wake."

Alipoondoka nilitukana matusi ambayo sijayatamka tangu ujana. Shemeji alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, mikono imelala mapajani. Alisema tanuri likiondoka yeye si fundi tena, ni mwanamke mwenye udongo. Hakuwa na mahali pengine pa kulijenga, na hata angepata, tanuri jipya hula vyombo. Umri wake haukutosha tena kusubiri tanuri jipya lishibe.

Kamati ilisema jambo moja la maana. Kabla ya jiwe la msingi kuwekwa angekuja mkaguzi kutoka makao makuu kuthibitisha kazi ya mradi, na mkutano wa hadhara ungefanyika. Watu wakisimama mbele yake na kusema bado wanapikia majiko ya tanuri lile, tanuri lingebaki. Basi nikapita nyumba kwa nyumba. Baiskeli za watu zililala chini hazijatengenezwa. Kila mwanamke niliyemfikia aliniapia.

"Nitasema, baba," Mama Pacha aliniambia, mkono juu ya kifua. "Haki ya Mungu nitasimama wa kwanza. Nitalibeba na jiko lenyewe kichwani."

Siku moja kabla ya mkutano mimi na shemeji tulikwenda kuchimba udongo. Tanuri tuliliacha limepangiwa vyungu vikavu, vinasubiri moto wa siku itakayofuata ukaguzi. Tuliporudi na mkokoteni tulikuta vumbi. Bwana Fursa alikuwa ameleta vibarua wenye nyundo kubwa. Walikuwa wameshamaliza, wanakunywa maji.

"Ni usafi tu, mama," akasema, na nadhani aliamini anachosema. "Mkaguzi asije akakuta kiwanja kichafu. Jiwe linawekwa kesho."

Kamati haikuwa imemruhusu. Hakuna aliyemruhusu. Alifanya haraka apendeze, kama mtoto anayefagia ua wageni wakiwa mlangoni. Nilimkamata kola ya lile shati lake. Vibarua walinitoa, na mmoja wao, ambaye huwa namtengenezea baiskeli, aliniomba msamaha huku akinibana mikono.

Shemeji hakupiga kelele. Alipiga magoti kwenye kifusi akaanza kutenga vipande, vya matofali huku, vya vyungu kule. Vyungu, vilivyokuwa havijachomwa, vilikuwa vimesagika kabisa. Matofali ya ndani, yale yaliyong'aa, yalikuwa yamevunjika kama sahani. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini yeye alikuwa anazoa.

"Spoku," akasema bila kuinua kichwa, "yale majiko makubwa manne ya shughuli yako wapi?"

"Bandani. Ya nini?"

"Nimewaahidi kuwaazima wapike chai ya kesho."

"Chai ya nani? Ya hawa?"

"Nimeshaahidi."

Nilimwambia maneno ambayo shemeji hamwambii shemeji. Aliyapokea yote. Kisha akaniomba nimsaidie kubeba magae.

Kesho yake uwanja ulijaa. Viti vya plastiki, turubai, jiwe la msingi lenye utepe mahali ambapo mdomo wa tanuri ulikuwa. Mkaguzi alikuwa mama wa makamo, mnene, mwenye goti bovu, na sura ya mtu asiyependa hotuba. Alizisikiliza hata hivyo. Chai ikagawiwa. Kisha akasimama na kuuliza swali lake kwa lugha nyepesi.

"Nataka kusikia kutoka kwenu wenyewe. Kuna mtu hapa bado anapikia jiko la udongo?"

Nikamtazama Mama Pacha. Alikuwa akitafuta kitu kwenye mkoba wake ambacho hakikuwemo. Nikawatazama wengine mmoja baada ya mwingine, wote walioniapia. Kila mmoja alikuwa na mtoto wa kumfuta pua. Walikuwa wamesema uongo wa adabu kwa muda mrefu mno, na sasa kuukana mbele ya mgeni aliyechoka, mwenye goti bovu, aliyewatabasamia, kulikuwa kuzito kuliko kiapo.

Nikasimama mimi. "Wote! Wote wanapikia! Hayo machuma yenu yamebeba maua! Na hapo mlipoweka utepe palikuwa na tanuri la mama yangu, limevunjwa jana na huyo hapo!"

"Fundi baiskeli ana jazba," Bwana Fursa akamwambia mkaguzi, akitabasamu. "Ana uhusiano wa kifamilia na suala hili."

Watu wengine wakacheka. Walicheka! Mkaguzi hakucheka. Akauliza fundi mwenyewe yuko wapi. Shemeji akainuka kutoka safu ya nyuma, na nikasema moyoni kwisha, atamkaribisha chai.

"Mama," shemeji akasema, "chai umekunywa?"

"Nimekunywa, ahsante."

"Ilikuwa tamu?"

"Tamu sana."

"Njoo basi nikuonyeshe ilikopikwa."

Bwana Fursa akaruka. "Mama, jikoni kuna moshi, mkaguzi ana ratiba."

"Jikoni kwetu mgeni haingii," shemeji akasema, akimtazama mkaguzi peke yake. "Mgeni anakaa sebuleni, analetewa. Lakini nyinyi mmekuja miaka sasa. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi jembe tulilificha. Hilo kosa ni letu. Nipe mkono, njia ina mashimo."

Akamshika mkono mama wa watu, akamzungusha nyuma ya turubai. Pale yalikuwepo majiko makubwa manne, na juu yake masufuria ya chai ya mkutano mzima, na pembeni, limewekwa chini kwa heshima, jiko moja la chuma ambalo lilikuwa halijawashwa. Mkaguzi alisimama akitazama. Kisha, bila kuambiwa na mtu, akaomba kuona nyumba ya karibu. Ilikuwa ya Mama Pacha. Nilikuwa nyuma yao. Mkaguzi aliinua chombo cha maua, akainua kitambaa, akachungulia ndani ya jiko. Lilikuwa safi kama siku lilipotoka kwenye lori. Mama Pacha akaanza kulia, akaenda nyuma ya choo akarudi na jiko la shemeji, bado lina vuguvugu la asubuhi, akaliweka miguuni pa mkaguzi.

"Kwa nini hamkusema?"

"Mlituletea zawadi," Mama Pacha akasema.

Mkaguzi akakaa kwenye kochi, akasugua goti. Alimuuliza shemeji, "Haya ya kwako yamewahi kupimwa?"

"Yamepikiwa."

"Yasiyopimwa hayahesabiki, mama. Na yaliyohesabiwa hayatumiki. Itabidi niandike kwamba hapa hakuna kilichopungua."

Alikuwa mkweli, na aliomba msamaha kwa sauti ambayo niliiamini. Hakuukata utepe wa lile jiwe. Lakini sikilizeni neno lenyewe. Hakuna kilichopungua! Kuni zilipungua, macho ya wanawake yaliacha kuwasha, na tanuri likapungua mpaka likawa kifusi. Mradi ukakunja turubai zake ukaondoka. Kamati ikamrudishia shemeji kiwanja, na jiwe lenye utepe katikati.

Tulijenga tanuri jipya. Wanawake wote walioficha macho siku ile walikuja kubeba matofali, na sikuwazuia ingawa sikuwasalimia. Shemeji alilipangia vyungu, akaliwasha, akakaa mbele ya mdomo wake. Lilipopoa alitoa chungu cha kwanza, akakigonga kwa kifundo. Kikohozi. Cha pili, kikohozi. Alivitoa vyote, akivigonga na kuvitegea sikio, mpaka mikono yake ikawa myeupe kwa majivu. Tanuri lilikuwa limekula kila kitu. Mama yangu alisema kweli, na mimi nilisimama na mabati yangu yaliyokatwa tayari, hayana cha kufunika.

Hapo ndipo simu ya shemeji ilipolia. Alibonyeza spika na kuiweka simu juu ya tofali ili asiishike kwa majivu, kwa hiyo na mimi nilisikia. Alikuwa Bwana Fursa. Ana mradi mwingine, akasema, mzuri kuliko ule. Safari hii ni wa kuwajengea uwezo mafundi wenyeji waanze kutengeneza majiko ya udongo. Ni fursa adimu, na yeye amemfikiria mama wa kwanza kabisa.

Nilimwona shemeji akitazama vile vyungu vilivyokohoa.

"Njoo wewe," akasema. "Jumatatu tunakanyaga udongo. Vaa nguo za kuchafuka. Tanuri ulilolivunja tunalishibisha upya, na kila mkono unatakiwa."

Tukamsikia akisafisha koo.

"Na posho itakuwepo?" akauliza.

Nimemfahamu shemeji yangu tangu alipoletwa kwetu akiwa bibi harusi, na sikuwahi kumwona akikasirika. Alichukua chungu kilichokuwa mkononi mwake akakipiga kwenye lile jiwe la msingi, na magae yakaruka mpaka kwenye banda langu. Akachukua kingine.

Sikumzuia. Nilipomaliza kumpitishia vyote, nilileta kinu, tukaanza kuyasaga magae.